Usizime, Haitawaka Tena

Leo naomba tutege sikio kwa sauti moja ambayo kila dereva wa njia ya Kalembe anaijua. Ni alfajiri, ukungu bado umelalia vilima, abiria wameshakaa juu ya magunia. Dereva anazungusha ufunguo, na chini ya boneti inasikika: tak. Basi. Anarudia: tak. Mama mmoja kule nyuma anaanza kumteremsha mtoto wake bila kuambiwa, kwa kuwa anajua kinachofuata ni kusukuma.

Kabla ya kushika kipaza sauti nilishika spana miaka kadhaa, na sauti hiyo naichukulia kama daktari anavyochukulia kikohozi. Ina habari ndani yake. Wengi wetu hatuisikilizi. Tunashuka na kusukuma, kesho yake tunasukuma tena, na mwisho tunakwenda dukani kununua batri.

Barabara ninayoisemea ni ile inayotoka Goma, ikapita Sake, Kitshanga, Mweso na Kashuga, ikafika Kalembe, kisha ikaendelea Pinga. Kalembe imekaa mpakani, eneo la Masisi upande mmoja, la Walikale upande wa pili. Maharage na viazi vinatoka huku, mawese yanatoka kule, na vyote hukutana nyuma ya pikapu moja iliyochoka. Mgonjwa akizidiwa, pikapu hiyohiyo ndiyo inayomkimbiza hospitali kuu ya Mweso. Oktoba 2024 mapigano yalipofika Kalembe, watu waliondoka na kile walichoweza kubeba. Siku kama hiyo gari likikataa kuwaka, kuna familia inayobaki nyuma. Ndiyo maana jambo hili silioni dogo, na ndiyo maana nalitolea kipindi kizima.

Magari yenyewe mnayajua. Kuna Toyota Land Cruiser za pikapu zenye injini ya 1HZ, ile ya silinda 6 na lita 4.2 iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990. Kuna Hilux za dizeli, zenye injini za 2L, 3L au 5L. Nyingi zimetufikia zikiwa zimekwisha tumika kwingine, zimeshukia Mombasa au Dar es Salaam, usukani uko kulia ilhali Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Ni magari ya kuheshimiwa. Pampu yake ya mazutu, yaani dizeli, inafanya kazi kwa vyuma, haina kompyuta ya kuiamuru, na injini ikishawaka haina haja ya umeme mwingi. Taabu ya umeme iko pale mwanzoni, katika zile sekunde mbili za kuwasha.

Siku moja ya soko, pale Kalembe, nilikuta Land Cruiser nyeupe imeegeshwa kwenye mteremko, jiwe chini ya gurudumu la mbele, injini inanguruma na ndani hamna mtu. Dereva alikuwa pembeni anakula. Nikamsalimu, nikamwambia, "Mzee, mazutu yanaungua bure, kwa nini usizime?" Akanijibu bila kuinua macho kwenye bugali na sombe yake: "Nikizima, haitawaka tena."

Alikuwa amenunua batri mbili ndani ya mwaka mmoja. Ya kwanza aliambiwa ni mbovu, akanunua ya pili, na baada ya wiki chache tak ikarudi. Sasa alikuwa ameshauriwa abadilishe stata nzima, yaani demareri kama tunavyoiita huku, na alikuwa anakusanya dola kidogo kidogo kwa ajili hiyo. Nilimwomba azime gari nilitazame. Alikataa. Alikubali baada ya konvoyeri wake, yaani msaidizi wake wa garini, kuita vijana watano wakae tayari kusukuma.

Nikafungua boneti. Batri ilikuwa mpya kweli. Lakini kati ya kichwa cha batri na tamino, ule mshipi wa risasi unaokikaba kichwa hicho, kulikuwa na msumari umepigiliwa. Nikamuuliza habari ya msumari. Akaniambia kila jioni anafungua batri na kuiingiza ndani ya nyumba kwa kuogopa wezi, na ikishakuwa ndani inawasha taa mbili na kuchaji simu za majirani. Asubuhi anairudisha. Risasi ni laini, jamani. Ukikifungua na kukifunga kichwa kila siku, kinalika, tamino inalegea, na ndipo dereva anatafuta msumari wa kukaza. Msumari unashika kwa ncha moja au mbili tu, na mlango mwembamba kama huo haupitishi umeme wa demareri.

Nikaufuata waya wa masi, ule mweusi unaotoka upande wa hasi wa batri na kufungwa kwenye chuma cha gari na cha injini. Injini ile iliwahi kushushwa na kurudishwa. Aliyeirudisha alifunga bolti ya masi juu ya rangi na grisi, na kutu ikaingia katikati. Niliishika bolti kwa vidole, ikazunguka.

Kazi yote ilihitaji spana namba 10 na namba 12, kipande cha msasa, na maji ya moto yenye bikaboneti ya kuoshea ule unga wa kijani na mweupe unaoota kwenye tamino. Nilikwaruza chuma cha injini mpaka kikang'aa, nikasafisha macho ya waya, nikaung'oa msumari na kukizungushia kichwa cha batri ukanda mwembamba wa risasi uliokatwa kwenye tamino kuukuu. Kisha nikamwambia azungushe ufunguo. Injini ilizunguka mara moja, mbili, ikawaka. Aliizima na kuiwasha mara nne mfululizo, hasemi kitu. Wale vijana watano wakaondoka mmoja mmoja.

Nataka tuelewe kilichotokea, kwa sababu dereva yule alikuwa na hoja ambayo nyote mmewahi kuitoa: "Taa zinawaka vizuri, basi waya ni wazima." Taa moja ya mbele inakula kama ampea 5. Demareri ya dizeli kama hii, inapoanza kuizungusha injini, inakula ampea 200 na zaidi. Chukueni kiungo kilicholiwa na kutu, chenye ukinzani wa omu 0.01, yaani sehemu moja ya mia ya omu. Ampea 5 zikipita hapo, inapotea volti 0.05, na jicho halioni tofauti yoyote kwenye taa. Ampea 200 zikipita palepale, zinapotea volti 2, na wati 400 zinageuka joto kwenye kile kiungo. Batri ya volti 12 ikibebeshwa demareri hushuka yenyewe mpaka karibu 10. Ukiondoa 2 zilizoliwa njiani, demareri inabaki na 8, na kwa 8 injini baridi ya silinda 6 haigeuki. Batri ni nzima, demareri ni nzima, na gari halitoki.

Kwa hiyo naomba, kabla hamjanunua kitu chochote, mpime. Mita ya umeme ya bei nafuu inatosha. Gari likiwa limelala usiku kucha, batri iliyojaa inaonyesha volti 12.6. Ikionyesha 12.2, imebaki nusu. Ikiwa chini ya 12, ichajini kwanza ndipo muendelee, maana vipimo vingine vyote vitawadanganya. Mtu mwingine azungushe ufunguo huku ninyi mkitazama: ikianguka chini ya volti 9.6 wakati demareri inazungusha, batri imechoka. Kisha kuna kipimo ambacho mafundi wengi hawakifanyi, nami nakipenda kuliko vyote. Waya mmoja wa mita uguse kichwa chenyewe cha hasi cha batri, wa pili uguse chuma kitupu cha injini, halafu mtu azungushe ufunguo. Pale panatakiwa pasomeke karibu na sifuri. Pakisomeka zaidi ya nusu volti, masi inakula umeme wenu. Kipimo hicho peke yake kingemwokolea yule mzee batri mbili.

Asiye na mita asikate tamaa. Washa taa za mbele, mweke mtu mbele ya gari, zungusha ufunguo. Taa zikizimika kabisa pamoja na tak, nenda moja kwa moja kwenye tamino za batri. Zikififia sana na injini ikazunguka kwa kuvuta miguu, fikiria batri iliyoisha, au demareri iliyokwama. Kama injini imejaribu kuzunguka kwa sekunde kadhaa, zima, kisha pitisha mkono kwenye viungo vyote: kile chenye joto kuliko wenzake ndicho kibovu. Na mwenye waya za kuazimia umeme ana njia fupi zaidi. Achukue waya mmoja tu, aunganishe hasi ya batri na chuma cha injini, ajaribu kuwasha. Gari likiwaka kwa furaha, masi ndiyo mgonjwa. Nimewahi kuona gari ambalo masi yake ilikatika kabisa, umeme ukatafuta njia nyingine ukapitia kebo ya kanyagio la mafuta, mpaka plastiki yake ikayeyuka.

Sasa nirudi kwenye tak ile ya upweke. Tuseme batri imejaa, tamino zinang'aa, masi imekazwa, taa hazififii hata kidogo, na bado ni tak moja. Hapo ndani ya demareri za Toyota hizi kuna siri ambayo kila fundi mzee anaijua. Nyuma ya kifuniko cha solenoidi, ile swichi ya sumaku ya demareri, kuna vipande viwili vya shaba, vimekunjwa kama herufi L. Ukizungusha ufunguo, sumaku inavuta kisahani cha shaba kikavigonga vyote viwili kwa pamoja, na umeme mkubwa unapita. Ule mgongano ndio tak mnayoisikia. Kila mnapowasha gari cheche hula shaba kidogo, na kipande kimoja hulika haraka kuliko mwenzake, mpaka siku inafika kisahani kinagonga upande mmoja na kuuacha mwingine. Sauti ipo, umeme haupiti. Jaribu mara tano, mara ya sita kisahani kinakaa vizuri na gari linawaka. Watu wanasema gari lina hasira. Nimeshika vipande hivyo mkononi: kimoja kina unene wa sarafu, kingine kimeliwa mpaka kimekuwa kama wembe.

Dawa yake ni vipande viwili vipya vya shaba. Kumfukuza mtu akanunue demareri nzima kwa ajili ya shaba inayokaa kiganjani ni kumwonea. Pakikosekana vya dukani, fundi makini huvichonga kwa tupa, na umakini wenyewe ni kuhakikisha vyote viwili vina kimo kimoja. Kabla ya kugusa demareri, fungua kwanza waya wa hasi wa batri. Waya mnene unaofika kwenye demareri una umeme wakati wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni, na spana ikigusa bodi pale utaona moto.

Na tukiwa kwenye shaba, niseme jambo linaloniuma. Shaba inatoka kwetu, Kolwezi na Likasi. Bati la kulehemia waya linachimbwa Bisie, huko huko Walikale, na matumizi makubwa kuliko yote ya bati duniani ni hiyo lehemu ya vifaa vya umeme. Halafu sokoni tunauziwa waya za batri ambazo ndani ni alumini iliyopakwa shaba kwa nje. Alumini kwa unene uleule inapitisha umeme kama asilimia 60 ya ule unaopitishwa na shaba. Kabla hujalipa, kwaruza ncha ya uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, mrudishie mwenye duka waya wake.

Kukiwa kimya kabisa, hata tak hakuna, chukueni balbu ya taa ya nyuma, muifungie nyaya mbili. Gia iwe huru, breki ya mkono ivutwe. Waya mmoja kwenye chuma cha injini, mwingine pale unapoingia ule waya mwembamba wa solenoidi, na mtu ashikilie ufunguo kwenye kuwasha. Balbu ikiwaka, amri inafika na ugonjwa uko ndani ya demareri. Isipowaka, rudini nyuma kuelekea kwenye fyuzi, rele, na swichi ya ufunguo ambayo kwa magari ya umri huu huwa imechoka.

Kuna na lile gari linalozunguka vizuri, kwa nguvu, lakini haliwaki. Hapo demareri imemaliza kazi yake, iacheni. Juu ya pampu ya mazutu kuna kisolenoidi kidogo kinachofungua njia ya mazutu kikipata volti 12, na kuifunga ukizima. Washa ufunguo bila kuwasha injini, usikilize karibu na pampu: unatakiwa kusikia mguso mdogo, mwepesi. Usiposikia kitu, waya wake umekatika au umetoka, na mara nyingi ni kazi ya dakika tano. Na asubuhi za baridi za Masisi zinataka plagi za kupasha moto ziwe nzima. Fungua ukanda unaoziunganisha, chukua ileile balbu, waya mmoja kwenye chanya ya batri, mwingine kwenye kichwa cha kila plagi. Plagi isiyowasha balbu imekufa. Dereva asiyejua hili huchovya kitambaa kwenye petroli na kukiweka kwenye mdomo wa hewa. Nawasihi muache. Plagi zikiwa za moto, mvuke wa petroli unaweza kulipuka kabla ya wakati wake na kuvunja pistoni, na nimeona pia mikono iliyoungua.

Kusukuma nako kunahitaji umeme, jambo ambalo vijana wetu wanalijifunza kwa jasho. Batri ikiwa imekufa kabisa, kile kisolenoidi cha pampu hakifunguki, na mtasukuma mpaka Kashuga mazutu yasifike kwenye silinda. Mwaka 1912 Cadillac ilileta magari yenye stata ya umeme ya Charles Kettering, ili watu waache kuzungusha mpini wa mkono uliokuwa ukiwavunja mikono. Miaka zaidi ya 110 imepita, na bado tunategemea mabega ya vijana kwa sababu ya bolti iliyolegea.

Jambo lingine ni kuazima umeme kwa lori. Fuso nyingi zina volti 24, batri mbili zilizofungwa mfululizo. Ukiunganisha 24 hiyo kwenye pikapu ya volti 12, unaweza kuunguza taa, altaneta na redio kwa pamoja, na batri inaweza kupasuka na kurusha asidi. Uliza kwanza. Na mwenye pikapu naye atazame yake, kwa maana baadhi ya Land Cruiser za zamani zenyewe ni za volti 24. Unapounganisha, anza na chanya kwa chanya, na waya wa mwisho wa hasi ufunge kwenye chuma cha injini, mbali na batri, maana batri inayochajiwa inatoa hewa ya hidrojeni na cheche moja inatosha.

Gari likishawaka, pima tena kwenye batri. Altaneta, ile inayoichaji batri, ikiwa nzima inatoa kati ya volti 13.8 na 14.4. Ikibaki kwenye 12, unakula akiba, na kesho asubuhi utasikia tak. Tazama mkanda wake kwanza, kisha waya zake, kisha kaboni za ndani.

Kuhusu batri kulala nyumbani, nawaelewa. Mwizi yupo, na giza lipo. Lakini batri ya gari imeundwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache na kujazwa tena papo hapo. Ukiikamua usiku kucha na kuiacha tupu, salfeti inaganda kwenye bamba zake za risasi, na kila usiku inapoteza kidogo ya uwezo wake. Ndivyo ilivyo tangu Gaston Planté alipounda batri ya kwanza ya namna hii mwaka 1859. Kwa taa mbili na simu, tafuta batri ndogo ya pembeni na kipande cha paneli ya jua. Ya gari ifungie kisanduku cha chuma chenye kufuli, ibaki mahali pake.

Ndugu madereva, kesho alfajiri, kabla abiria hawajapanda, fungueni boneti. Shikeni tamino zote mbili, kisha bolti ya masi kwenye injini, mzizungushe kwa vidole viwili. Kitu chochote kikizunguka, tafuteni spana kabla ya kuondoka Kalembe.